Jina la Owori Chini ya Plastiki

Nikikuangalia unavyobandika mabango yako, mwanangu, unavyovuta stika kwa kile kipande chako cha plastiki, ukiona lengelenge la hewa unalitoboa kwa sindano na kuendelea na mazungumzo, mawazo yangu yanarudi Tororo, kwenye wiki moja ya miaka ile ya utawala wa wanajeshi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Sijawahi kukusimulia yote. Leo nitakusimulia, maana umri umeanza kuninyang'anya mambo, na hili sitaki linitoke kabla halijakufikia. Lina aibu yangu ndani yake, lakini nimezeeka, aibu hainitishi kama zamani.

Nililelewa na mjomba wangu Saidi, fundi wa mabango. Karakana yake ilikuwa nyuma ya soko. Wasichana wa nyumba za Kiislamu kama yetu hawakuwa wakishika brashi za rangi, na watu walimsema sana kwa kunifundisha kazi hiyo. Yeye aliwajibu kwamba mkono wangu umetulia, basi, akanipa brashi nyingine.

Kulikuwa na duka la spea za baiskeli barabarani, la Mjapadhola mmoja aitwaye Owori, mtu mpole, mrefu, aliyependa kucheka bila kutoa sauti. Bango lake lilikuwa turubai jeupe lililokazwa kwenye fremu ya mbao juu ya baraza. Mjomba ndiye aliyeliandika: OWORI, herufi tano nyekundu, pana kama mlango. Kila rangi ilipopauka alipaka nyingine juu yake, mwaka baada ya mwaka, hata herufi zile zikawa na ganda nene unaloweza kulishika kwa vidole ukiwa umefumba macho.

Asubuhi moja gari lisilo na namba lilisimama mbele ya duka. Owori aliingizwa nyuma akiwa bado na mnyororo wa baiskeli mkononi. Mteja aliyekuwa akiusubiri alisimama pale barazani kwa muda, kisha akaenda zake. Hakuna aliyeuliza. Wakati ule, mwanangu, mtu akichukuliwa jina lake nalo liliacha kutajwa, kama vile kulitaja ni kuwaonyesha wale watu njia ya kuja kwako.

Baada ya wiki kadhaa duka likafunguliwa na mwanajeshi. Tulimwita Afande, sikuwahi kusikia jina lake jingine. Alitaka bango jipya liandikwe USHINDI STOA, tena kwa ile plastiki yenye gundi mgongoni, ambayo kwetu ilikuwa kitu kigeni. Mjomba akaipata ng'ambo, upande wa Kenya, ikaletwa kupitia Busia ikiwa imeviringwa kama mkeka. Kabla hajaanza kazi, habari ikaja kwamba baba mkwe wake amefariki kule Masafu. Ilibidi aende. Afande hakuwa mtu wa kuambiwa asubiri, kwa hiyo kazi ikabaki kwangu.

Alinieleza taratibu akiwa ameshika mfuko wake wa safari. Kwanza nikwangue rangi yote ya zamani mpaka nifike kwenye turubai, nipige msasa, nifute kwa petroli. Kisha ninyunyize maji ya sabuni, nilaze plastiki huku nikiibandua karatasi yake kidogo kidogo, na nisukume kwa kipande cha raba kutoka katikati kwenda pembeni, polepole, hewa na maji vitoke pamoja. "Hewa ikipata mahali pa kukaa chini," aliniambia, "itakaa."

Akaenda. Nilikwangua robo ya herufi ya kwanza. Ganda lile lilikuwa gumu, mikono ikaniuma, na jua lilikuwa kali. Nikajiambia kwamba plastiki ni nene, nyeupe, itafunika chochote. Na nilitaka Mjomba arudi akute bango limeshapanda, aseme nimekuwa fundi. Nikaacha kukwangua. Nikanyunyiza maji yangu ya sabuni, nikalaza, nikasukuma na raba kwa nguvu zote mpaka pakalala laini, halafu nikabandika maneno mapya juu. Kwa macho lilikuwa bango zuri. Afande alilitazama, akaitikia kwa kichwa, vijana wake wakalipandisha.

Siku ya tatu, saa sita mchana, nikapita pale na kapu la mboga. Kwenye weupe wa plastiki, chini ya neno USHINDI, palikuwa pameinuka kitu cha mviringo. Lengelenge, lakini si la kawaida. Lilikuwa limejikunja likakaribia kukutana na mwanzo wake, pakabaki pengo tu pale nilipokwangua. Lilikuwa O.

Jioni, Afande alipokuwa ametoka, nilichukua ngazi nikalitoboa kwa sindano na kulikandamiza. Likalala. Kesho yake mchana lilikuwa limesimama tena, na kando yake pameanza kuinuka W. Siku iliyofuata ikaja O ya pili. Sijui nikuelezeje kimya cha barabara ile. Watu walianza kuvuka kabla hawajafika kwenye baraza lile, wanapita upande wa pili wakitazama viatu vyao. Mwenye cherehani wa jirani aligeuza meza yake ikaelekea ukutani. Kila mtu alijua kusoma, na hakuna aliyesoma kwa sauti.

Afande naye aliona. Alikuwa akikaa barazani kwenye kiti cha Owori. Sasa akakiingiza ndani. Siku moja nilimwona amepanda juu ya sanduku, anaibonyeza R kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayempima mgonjwa homa. Alipoondoa mkono ikainuka. Aliufuta mkono ule kwenye suruali yake mara nyingi sana.

Siku ya sita alikuja karakana mke wa Owori. Tulimwita Mama Athieno, kwa jina la binti yao mkubwa. Alikuwa amekonda, kitambaa kimefungwa vibaya kichwani. Aliniambia kwamba dada yake aliyeolewa Busia, upande wa Kenya, amemtumia ujumbe mara mbili avuke na watoto, na kwamba alikuwa ameshafunga mizigo. Kisha watu wakamnong'oneza kuhusu bango, akaenda kuliona kwa macho yake. Sasa mizigo ameifungua. Mume wake, alisema, anarudi, anatoa alama, na yeye hawezi kuondoka akamwacha aje kukuta nyumba tupu.

Akanishika mikono yote miwili. "Wewe ndiyo uliweka ile kitu," akasema. "Uliona nini chini yake?"

Hapo, mwanangu, ndipo nilipokuwa na nafasi. Ningesema neno moja tu. Lakini niliogopa kwamba nikikiri, habari itafika kwa Afande. Na zaidi ya hapo, nakwambia ukweli, niliona haya kuonekana fundi mbovu. Nikamwambia, "Sijui, Mama. Sikuona kitu." Akaondoka uso wake ukiwa na nuru, na nuru ile ilinitisha kuliko bango.

Mjomba alirudi siku ya saba asubuhi. Vizuizi vya barabarani vilikuwa vimemchelewesha. Alipita dukani kabla ya kufika nyumbani. Aliingia karakana, akaweka mfuko chini, na hakuuliza habari za nyumbani. Aliuliza kama nilikwangua. Nikasema nilikwangua. Akanitazama tu. Nikasema nilikwangua kidogo. Bado akanitazama, nikalia, nikamwambia yote, mpaka na mambo ya Mama Athieno.

Hakunipiga. Alikaa kwenye kopo la rangi, akanieleza kama anavyomweleza mteja: plastiki imelala juu ya ganda la herufi, pembeni mwa ganda pamebaki nafasi, ndani ya nafasi mna hewa, jua linaipasha inavimba. Sindano haisaidii kitu, maana inaifungulia hewa nyingine mlango. Hakuna mzimu, akasema. Kuna rangi ambayo haikukwanguliwa, na kuna mama mwenye watoto watatu ambaye amefungua mizigo kwa sababu yake.

Kisha akasimama. "Kwa Afande nitakwenda mimi," akasema. "Kwa yule mama utakwenda wewe. Sasa hivi."

Nyumba yao ilikuwa nje ya mji, njia ya Malaba. Nilimkuta Mama Athieno ametandika kitanda kwa shuka jipya na kulianika nje koti la mumewe lipate jua. Nilimwambia nikiwa nimesimama mlangoni, kwa sababu nilijua nikikaa sitasema. Nilimwambia kuhusu ganda la rangi, kuhusu uvivu wangu, na kwamba aliponiuliza jana nilimdanganya.

Aligeuka akalitazama lile koti. Mtoto mdogo alikuwa anacheza na kifuniko cha sufuria sakafuni.

"Kwa hiyo ni hewa," akasema.

"Ni hewa, Mama."

Alitoka, akalianua lile koti, akalikunja vizuri, mkono juu ya mkono, kama linavyokunjwa koti la mtu ambaye halihitaji tena. Hakunitukana. Aliniambia nimbebe mtoto mdogo. Tuliondoka mchana ule ule kwa njia za mashambani, tukikwepa barabara, yeye na binti zake na vifurushi viwili, mpaka kwa jamaa zake Wasamia waliokaa mwendo wa saa moja hivi, waliojua pa kuvukia Busia. Pale nikamkabidhi mtoto. Kesho yake mapema akawa ng'ambo. Nilikuja kusikia kwamba siku mbili baadaye lile gari lisilo na namba lilifika nyumbani kwake. Walikuta mlango wazi na kuku.

Niliporudi, Mjomba alikuwa hajaonekana tangu asubuhi. Alirudi saa ya magharibi, anatembea akishika ukuta. Afande alimsikiliza, kisha akamweka chumba cha nyuma cha duka kutwa nzima pamoja na wale vijana wake. Walitaka aseme nani alimtuma. Yeye alirudia neno moja, kwamba karakana ni yake na kazi mbovu ni yake. Jina langu hakulitaja. Sikio lake la kushoto halikusikia tena mpaka alipokufa.

Waliamua kumwachia kwa sharti kwamba alitoe bango lile kesho yake. Tulikwenda alfajiri, na hapa kuna jambo ambalo sijalipatia jibu hadi leo. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Kulikuwa na baridi, jua halijatoka, na hewa ya baridi husinyaa, hilo unalijua wewe fundi. Malengelenge yalipaswa kuwa yamelala. Herufi zote tano zilikuwa zimesimama, zimejaa, pamoja na I ya mwisho ambayo haikuwa imewahi kutokea. Hata ile robo niliyoikwangua kwa mikono yangu ilikuwa imeinuka. Mjomba aliliona hilo. Aliweka kiganja chake juu ya jina, akasoma Fatiha kwa sauti ya chini, mpaka mwisho. Ndipo tukashika ncha, yeye huku na mimi kule, tukaibandua plastiki. Ilitoa sauti kama mtu anayeshusha pumzi.

Afande hakutoka nje. Mjomba alikwangua herufi zile siku nzima kwa kisu na petroli, na mimi nikakusanya maganda mekundu kwenye gazeti, nikayafukia nyuma ya karakana. Tulibandika upya, likalala tambarare kabisa. Lakini Afande hakukaa tena barazani, na haukupita mwezi duka likafungwa kufuli. Owori hakurudi. Hakuna anayejua alipozikwa.

Utawala ule ulipoanguka, watu walianza kusimulia. Wakasema kulikuwa na msichana wa Tororo aliyeliacha jina la Owori chini ya bango makusudi, ili wanajeshi walisome kila siku. Walinipa mikono sokoni. Nami, mwanangu, nilikubali. Sikusema ndiyo, lakini nilitabasamu na kutazama chini, na hiyo ni ndiyo tosha. Mjomba alisikia kwa sikio lake moja na hakusema kitu. Miaka miwili nilitembea na sifa ile.

Kisha Mama Athieno akarudi kutazama shamba lake. Alinikuta kwenye arusi, mtu mmoja akiwasimulia wageni ushujaa wangu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akanisogelea, akaniamkia vizuri, akasema polepole, mimi tu nikisikia: "Kwangu ulisema ukweli, mwanangu. Na ndiyo maana watoto wangu wanaishi."

Nilisimama palepale nikawaambia wageni nilikuwa mvivu. Wengine walicheka, wakadhani ni unyenyekevu. Niliwaambia tena, na safari hii nikamtaja Mjomba na sikio lake. Hawakucheka.

Basi nasaha yangu ni hii. Kazi ikikuchosha, sema imekuchosha, usiifunike. Ukikosea, liite kosa siku ileile, kwa yule ambaye litamuumiza, kabla hajalijengea matumaini. Ukilificha, mtu anayekupenda atalibeba mwilini mwake, na hatakudai. Na watu wakija kulipamba kosa lako liwe ushujaa, usitabasamu. Wataje waliolipa.

Mungu akupe mikono iliyotulia na ulimi usiochelewa. Akulinde na hofu inayomfanya mtu aseme sijui na hali anajua. Watoto wako wasichukuliwe, na jina lako litajwe kwa sauti, mchana, na watu wanaokupenda. Amina.