Mpiga gitaa wa Pongwe na sauti aliyoinyamazisha

Saa nne asubuhi, Chumbageni. Ndani ya karakana ya fundi Methusela, Castory Mhina amekaa kwenye kigoda, gitaa jekundu mapajani, na kitu cha kwanza anachoomba si waya wala amplifaya.

"Fundi, rudishia mlango kidogo."

Methusela anacheka. Mlango wa nini, na joto lote hili la Tanga? Lakini anaurudishia, maana anamjua mteja wake. Mtu aliyepiga gitaa la solo kwenye harusi za watu kwa miaka ishirini na miwili, mbele ya kumbi zilizojaa, leo anaona haya kusikiwa na wapita njia watatu na muuza mihogo.

Analegeza nyuzi. Analegeza zote sita, kisha ule mnene wa juu kabisa anaulegeza kuliko wenzake, mpaka sauti inashuka na kukaa chini, nzito. Anapiga mara moja. Anatega sikio. Anatikisa kichwa.

"Linanguruma vizuri hili," anasema. "Ila sijui kama linasema kweli."

Mwandishi wa makala haya alikuwa ameingia humo kutafuta habari ya mafundi wa redio. Akauliza tu, kwa udadisi, gitaa kusema kweli ni kufanyaje. Castory akalilaza gitaa mapajani, akaanza kusimulia.

Castory ana miaka 46. Baba yake alishuka kutoka milimani Usambaa kuja kukata katani, akaoa, akazaa, akabaki. Castory alijifunzia gitaa kwenye kwaya ya vijana ya Kilutheri, gitaa lenyewe likiwa na nyuzi nne badala ya sita, na hakuna aliyelalamika.

Jumatatu mpaka Ijumaa anapakia chokaa tanurini, Pongwe, kibarua cha shilingi elfu kumi na mbili kwa siku. Vidole vimepasuka pasuka. Chokaa haina adabu na ngozi ya mtu. Jumamosi na Jumapili ni mwanamuziki. Siku hizo mbili, anasema, ndizo zinazomvumilisha zile tano.

Bendi yao ina watu watano na haina makuu. Hupiga kwenye harusi, ubarikio na sherehe za kumuaga bibi harusi. Mwezi mzuri kila mmoja huondoka na kama laki moja na nusu. "Mwezi wa Ramadhani tunaondoka na hewa," anasema, na ndiyo mara pekee asubuhi hiyo anapotabasamu.

Jina la bendi halikuwa kitu. Watu walikuwa wakisema, "Tuleteeni wale wa Bi Samiha."

Bi Samiha Zubeiri ana miaka 59, mkazi wa Usagara, kazi yake kushona mapazia. Alikuwa mwimbaji wao tangu siku ya kwanza. Akishika kipaza sauti, wanawake waliokuwa wanagawa pilau walisimama na sahani mkononi.

"Watu walituita kwa ajili yake, si kwa ajili yangu," anasema Castory. "Nilikuwa najua. Na nitasema ukweli leo, lilikuwa linaniuma."

Mwaka juzi Bi Samiha alifanyiwa upasuaji wa rovu, ule uvimbe wa shingoni. Alipona, alhamdulillahi, ila sauti ilirudi imeshuka. Nzito, ya chini, tamu bado, lakini zile noti za juu haikuzifikia tena. Bendi ikakaa kikao. Wakaamua kwamba mama asizipandie tena noti hizo. Magitaa ndiyo yashuke.

Ndiyo maana ya kulegeza nyuzi. Vidole vinabaki palepale, wimbo uleule, lakini kila kitu kinatoka chini zaidi. Wakafanya hivyo, na ikapendeza kupita walivyotarajia. Watu wakasema bendi imepata ladha mpya.

Tatizo likaanza kwa Castory. Nyuzi zikilegea hulegea na makali yake. Akajiona hasikiki. Anapiga solo lake la miaka yote, na macho ya watu yote yako kwa mama.

Siku moja, bila kumwambia mtu, akachukua bisibisi.

Chini ya nyuzi za gitaa la umeme kuna vidude vya sumaku ambavyo wapigaji huviita pikapu. Ndivyo vinavyonasa mtikisiko wa nyuzi na kuupeleka kwenye spika. Ukizisogeza karibu na nyuzi, gitaa linapiga kelele zaidi. Castory akazipandisha skrubu mpaka mwisho, pikapu zikabaki nafasi ya unywele kugusa nyuzi.

"Nilifurahi," anakiri. "Nilisikika kuliko kila mtu. Nilifurahi kama mtoto."

Ikaja harusi moja ya mchana, Usagara, mwezi wa pili mwaka huu. Usagara! Mtaani kwa mama mwenyewe, mbele ya majirani zake, wakwe zake, na wanawake anaowashonea mapazia. Wimbo wa tatu, mambo yakaharibika. Sauti ya Bi Samiha ilikwenda huku, kinanda kikaenda kule. Lucas, mpiga kinanda, akakunja uso. Wageni wakaanza kutazamana.

Castory akakata wimbo. Akavuta kipaza sauti.

"Ndugu wageni, mtusamehe," alisema siku hiyo, na maneno haya anayarudia leo neno kwa neno, akiwa ameshika shingo ya gitaa kwa mikono miwili. "Mama yetu amechoka. Sauti imemtoka. Umri nao unadai haki yake."

Ukumbi ukacheka. Si wote, lakini waliocheka walitosha.

Bi Samiha aliweka kipaza sauti chake juu ya kinanda, taratibu, akachukua mkoba wake, akatoka. Hakurudi kwenye mazoezi ya jioni Jumatano ile, wala Jumatano yoyote iliyofuata.

Mwezi wa tano gitaa la Castory likaanza kukwaruza. Akalileta hapa kwa Methusela. Fundi akalegeza nyuzi kama wanavyozitumia kwenye bendi, akawasha programu ya kupimia sauti kwenye simu yake, akapiga. Mshale wa kipimo ukawa hautulii. Mara juu, mara chini.

"Nikamuuliza, nani kapandisha pikapu namna hii?" anakumbuka Methusela. "Sumaku ikiwa karibu mno na uzi uliolegea, inauvuta. Uzi hauchezi kwa uhuru wake. Unatoa sauti mbili kwa pamoja, na hakuna hata moja iliyo mahali pake."

Castory akauliza, kwa sauti ndogo, mwimbaji anayeshika noti yake kutoka kwenye gitaa kama hilo angefanyaje.

"Nikamwambia, atapotea, kaka. Na kadiri sikio lake lilivyo zuri ndivyo atakavyopotea, maana atalifuata kwa uaminifu."

Bi Samiha alikuwa hivyo. Miaka yote alishika noti kutoka kwa gitaa la solo. Gitaa lilitangulia kupotea, yeye akalifuata, na mwenye gitaa akamtangaza kwa watu.

Ungedhani mtu angetoka hapo mbio moja kwa moja mpaka Usagara. Hakwenda. Alirudi nyumbani, akalitia gitaa uvunguni, akamwambia mkewe, Leticia, kwamba kichwa kinamuuma. Kikamuuma miezi mitatu. Akiwa na shughuli mjini alizunguka barabara ya mbali ili asipite karibu na nyumba ya mama. Aliwahi kumwona kwa mbali sokoni, akajificha nyuma ya magunia ya vitunguu. Mwanamume wa miaka 46, jamani, nyuma ya vitunguu.

"Mke wangu ndiye aliyenibana mpaka nikamweleza," anasema. "Akaniambia, 'Mume wangu, kumtukana mtu umeweza mbele ya ukumbi, kumwomba radhi huwezi hata mlangoni kwake?' Nikakosa pa kuweka uso."

Ndiyo safari ya leo. Ameuza gitaa lake la zamani na baiskeli, na bendi imemwongezea kidogo. Anataka gitaa linaloweza kushushwa bila kudanganya, kisha aende nalo kwa mama.

Lile jekundu linamtamanisha, si uongo. Pikapu zake ni kali, linang'aa, linapiga kelele utadhani lina ugomvi na mtu. Methusela anamletea jingine la rangi ya kahawia, halina sura. Shingo yake ni ndefu kidogo, kwa hiyo uzi ukishushwa bado unabaki umekazika. Fundi amelifunga nyuzi nene zaidi, na pikapu za nguvu ya wastani, ameziweka chini, mbali na nyuzi.

Castory anapiga. Anatoa simu, anafungulia wimbo wa Bi Samiha uliorekodiwa baada ya upasuaji, anamfuata kwa gitaa. Sauti ya mama inajaa karakana. Muuza mihogo anafungua mlango ule uliorudishiwa, anachungulia, anauliza, "Huyu si Bi Samiha? Yuko wapi siku hizi?"

Castory anazima simu.

"Hili la kahawia," anamwambia fundi. "Lile jekundu litanirudisha kulekule."

Saa sita mchana tuko Usagara. Castory anabisha hodi mara moja, na anaonekana wazi kuomba kimoyomoyo pasiwe na mtu. Pazia la mlango linafunguliwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Castory. Karibu ndani. Na mgeni wako karibu."

Analeta maji baridi, analeta visheti, anaulizia afya ya Leticia na watoto. Kisha anarudi kwenye cherehani yake na kuendelea kushona. Castory ameshika kisheti kimoja na hakili. Baadaye aliniambia kwamba angetukanwa angepumua. Vile visheti ndivyo vilivyommaliza.

"Mama, siku ile ya harusi hukukosea wewe," anasema hatimaye. "Ni gitaa langu. Nilizipandisha sumaku mwenyewe, kwa siri, ili nisikike kuliko wewe. Likatoka kwenye tuni, likakupoteza. Mimi ndiye."

Cherehani inasimama.

"Umejua lini?"

"Mwezi wa tano."

"Na huu mwezi wa ngapi?"

Castory anakirudisha kisheti sahanini.

"Nimekuuliza, mwanangu. Huu mwezi wa ngapi?"

"Wa nane, mama."

Bi Samiha anavua miwani. Anaeleza bila kupaza sauti. Kwamba alikunywa tangawizi na asali mpaka tumbo likawaka moto. Kwamba alirudi hospitali, daktari akamwambia koo ni zima, naye akaona anafarijiwa tu. Magauni yake ya jukwaani aliwagawia watoto wa mdogo wake.

"Nikiosha vyombo, wimbo ukanitoka wenyewe, nilikuwa nanyamaza," anasema. "Nikidhani nakera majirani. Siku ile ulinikosea, sawa, hukujua. Lakini miezi mitatu hii, Castory, ulikuwa unajua. Ungenipa neno moja tu."

Castory amefunika uso kwa mikono yake ya chokaa. Analia. Mwandishi naye akajifanya anatafuta kalamu.

Alipotulia, alitoa mfukoni bisibisi, ileile, akaiweka juu ya meza ya kushonea.

"Ikae kwako, mama. Mimi nisiwe nayo."

"Bisibisi ya nini? Ya cherehani ninayo," akasema Bi Samiha. Lakini akaitia kwenye mtoto wa meza, akafunga.

Akamwambia apige kidogo. Castory akapiga gitaa la kahawia bila umeme, nyuzi zikiwa chini kabisa. Mama akafumba macho. Midomo ikacheza kidogo, kisha akaibana.

"Hilo halinivuti pembeni," akasema. "Ila sikia. Uliniaibisha kwa kipaza sauti. Hapa tuko watatu, ndani ya nyumba yangu. Ukiniomba radhi hapa ukaishia hapa, unakuwa umeniongezea siri nyingine."

Wiki ijayo, Jumamosi, bendi ina harusi Pongwe. Castory amepanga kwamba kabla ya wimbo wa kwanza atashika kipaza sauti na kuyasema yote: bisibisi, sumaku, miezi mitatu. Ameshaandika maneno nyuma ya karatasi ya pakiti ya nyuzi, kwa sababu anajijua, ulimi utamkauka. Wageni wengi wa harusi ile ya Usagara ni ukoo mmoja na wenye harusi hii ya Pongwe.

Je, Bi Samiha ataimba? Mwenyewe hakuahidi. "Kusikiliza nitakwenda, inshallah," alisema. "Kuimba, nitaona nikifika." Lakini tulipokuwa tunatoka, tulimsikia akimwita binti wa mdogo wake na kumuuliza kama lile gauni la kijani bado analo.

Tulipofika barabarani nilimwambia Castory kwamba gazeti linaweza kumbadilisha jina, watu wasimjue. Wengi huomba hivyo, na kwa habari ya namna hii nisingemlaumu.

Alisimama. Akahamisha gitaa kutoka bega moja hadi jingine.

"Siku ile yeye hakufichwa jina," alisema. "Andika Castory Mhina, mpiga solo, Pongwe. Andika na kwamba nilijificha nyuma ya vitunguu."

Kisha akauliza gazeti linatoka lini. Nikamwambia Ijumaa, siku moja kabla ya harusi.

"Basi vizuri," akasema, na uso ukamwiva kwa aibu. "Nikishika kipaza sauti watakuwa wameshajua. Sitaweza tena kubadilisha nia."