Lorna Anatafuta Katapila la Kumrudisha Vern Mlimani

Saa tatu asubuhi, umande ukiwa bado umeganda majanini, Lorna Tveit anavua glavu na kuweka kiganja juu ya injini ya katapila la theluji la mwaka 1968, gari linalotembea juu ya theluji kwa mikanda badala ya magurudumu. Anakiacha hapo kidogo, kisha anamgeukia muuzaji.

"Nilikuomba usiiwashe kabla sijafika."

"Niliipasha moto kidogo tu, dada. Nisikucheleweshe."

"Nilitaka kuiona ikiamka na baridi yake. Sasa nitaona nini?"

Huku kwetu, kwenye milima ya Idaho, anayenunua katapila kuukuu huomba hilo mapema kwa simu, na muuzaji mwenye adabu humngoja. Injini iliyopashwa moto kabla ya mgeni kufika ina jambo inaloficha. Lorna anavaa glavu zake na kuaga.

Mumewe Vern, aliyeegemea fimbo, haelewi haraka hiyo ni ya nini. Katapila limepakwa rangi nyekundu mpya na viti vyake ni vya ngozi.

"Lakini hebu litazame lilivyo zuri!"

"Nimeliona, mzee. Likituzimikia kule juu kwenye dhoruba, tutaota moto wa huo uzuri?"

Lorna ana miaka 57, na kwa miaka ishirini na miwili ameendesha lori la kusukuma theluji la kaunti. Anawafungulia watu barabara. Ya kwake hakuna wa kumfungulia: maili tisa za mwisho hadi nyumba ya magogo aliyoijenga na Vern hufunikwa na theluji kuanzia Novemba mpaka Mei.

Zamani walikwenda kwa pikipiki za theluji, Vern mbele, yeye nyuma. Kisha gogo likamwangukia Vern kazini msituni, likamvunja nyonga. Leo pikipiki ikimrusha mara moja tu, anapiga kelele. Majira manne ya baridi amekaa dirishani jikoni akiutazama mlima.

"Anautazama kama mtu aliyefukuzwa kwao," Lorna ananiambia mimi, niliyekuja kumwandika gazetini. "Majira ya tano siyakubali. Sikubali kabisa."

Ndiyo maana yeye hanunui sura. Anataka injini iliyowahi kufungwa kwenye malori ya kawaida, ili spea azipate mjini na si kwenye makumbusho. Anataka hita inayofanya kazi. Futi ya kupimia haimtoki mfukoni, kwa sababu daraja la kijito chao ni jembamba, na mashine pana itaishia ng'ambo ya huku ikilitazama. Wiki iliyopita aliliacha katapila moja zuri kwa sababu ya inchi nne za upana. Vern alinuna njia nzima.

Mchana tunafika kwa Orval Lindauer, mfugaji mzee. Katapila lake lilikuwa la mafundi wa simu, na rangi yake ya njano imechujuka. Lorna anagusa injini. Ni baridi kama jiwe la mtoni.

Anavuta choki, ile ya kuwashia injini baridi. Injini inakohoa, inatema moshi, inazimika. Mara ya pili inashika.

"Inakohoa kama mjomba wangu," Vern anasema. "Na mjomba alikufa."

"Alikufa na miaka tisini na mbili. Panda."

Hapo ndipo kazi ilipo. Milango ya mbele iko juu ya mikanda, na lazima mguu unyanyuke hadi kiunoni. Vern anashika chuma, anajivuta, uso unamgeuka rangi. Mguu unakataa. Anajaribu tena, kisha anakiachia chuma na kutazama chini. Lorna ameibana mikono yake kwapani, asije akamshika. Mimi mwenyewe natazama pembeni.

"Kuna mlango wa nyuma," Orval anasema. "Uko chini. Mafundi walipitisha vifaa vyao humo."

"Nikae nyuma kama mzigo?" Vern anafoka. "Mimi ndiye niliyekuwa nakupeleka wewe mlimani!"

"Ulinipeleka, na nilikaa nyuma yako miaka yote hiyo bila kulalamika. Sasa kaa nyuma yangu, au kaa jikoni. Chagua, Vern."

Vern anashika fimbo yake. Kisha anazunguka peke yake hadi mlango wa nyuma. Fimbo inatangulia ndani, halafu mguu mzima, halafu ule mbovu. Mlango anaufunga mwenyewe, kwa kishindo.

Lorna analinunua katapila hilo. Sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba, anasema, bata mzinga ataokwa kwenye jiko la kuni la kule juu, theluji itake isitake. Bado kuna bolti za mikanda za kubadilisha.

Kioo kinagongwa kutoka ndani.

"Dereva! Utaongea na huyo wa gazeti mpaka lini? Mimi nina safari!"

Lorna anafuta macho kwa glavu yenye grisi.

"Umemsikia?" ananiambia. "Ana safari."