Nkechi wa part one

Jamani! Jina la mdogo wetu limeharibika leo mchana, mbele ya familia nzima.

Mnaikumbuka ile CD ya Kinijeria, mke anamuuguza mumewe aliye hoi kitandani? Anamnywesha supu kijiko kwa kijiko, anapiga magoti, anasali.
Part one ikaishia hapo.
Part two tuliisaka Tunduma nzima. Hamna.

Mama alikuwa mjamzito wakati ule. Alimlilia yule mke mpaka macho yakavimba, na alipojifungua akasema mtoto ataitwa Nkechi kama yeye. Baba aligoma, akashindwa.
Ubatizo ni Jumapili hii.

Sasa leo mama mdogo kavuka mpaka kutoka Nakonde, upande wa Zambia. Kaleta vitenge, na kaleta PART TWO!
Tukajazana sebuleni, baba na bakuli lake la supu ya kuku.

Hata hatujakaa vizuri, Nkechi wa kwenye CD huyo yuko jikoni.
Anafungua kikaratasi.
Anamimina unga kwenye supu.
Anakoroga huku anatabasamu!

Sumu, jamani! Kumbe siku zote zile ni YEYE!

Baba akageuka taratibu, akamtazama mama.

Mama akazima deki.
"Mimi nilimpa mwanangu jina la yule wa part one."

Ingekuwa nyie, Jumapili mngemtajia mchungaji jina gani? Nijibuni upesi, maana supu ya baba bado iko palepale mezani, imeganda mafuta.