Taa ya Bawa la Kulia

Juzi, juu ya mtaa wa Dilala, hapa Kolwezi, niliona taa ya kijani kwenye bawa la ndege ndogo, na harufu ya petroli ikanirudia puani.

Nilipokuwa mtoto, watu wa Kasai, kama mama, walikuwa wakifukuzwa Kolwezi. Rubani wa ndege ya kututorosha alikataa kuruka bila taa kama ile, maana giza lingetukuta njiani. Baba, fundi wake, alikwangua kutu kwa kitambaa cha petroli, taa ikawaka. Hapohapo akachomoa waya.

"Bado, patron," akamwambia rubani. "Kutu iko mingi."

"Tata, si imewaka?" nikamuuliza baba.

"Nyamaza, mutoto."

Nami, niliyejiona mwerevu, nikamshuku: kumbe naye yuko na wanaotufukuza. Hakuitazama taa tena, alitazama barabara tu.

Kisha mama akatokea mbio, mdogo wangu mgongoni. Baba akarudisha waya, akatupandisha, akafunga mlango kwa nje.