Jina Ambalo Onesphore Hakuweza Kulitaja

Onesphore, jirani yangu wa Hagsätra hapa Uswidi, alifanya usafi katika shule moja ya upande wetu kwa miaka kumi, na sijawahi kumsikia akipandisha sauti. Februari 2012 alinijia na bahasha kutoka Québec. Binti yake Belyse alikuwa ameposwa na Mathieu Gendron, kijana wa huko, na mama wa kijana, Bibi Huguette, alikuwa ameandika kwa Kifaransa.

"Mwalimu, nisomee polepole. Kifaransa changu kiliishia darasa la sita."

Bibi Huguette alikuwa amefuatilia ukoo wao katika vitabu vya ubatizo hadi kwa babu aliyevuka bahari kutoka Ufaransa akiwa askari. Jeshini alipachikwa jina la Lafleur, na kwa vizazi vinne wazao wake waliandikwa mara Gendron, mara Lafleur. Wanawake ndio hawakupotea: padri alimwandika kila mke kwa jina alilozaliwa nalo. Sasa aliomba majina ya upande wa Belyse, hasa ya bibi zake, ili achapishe ukoo mzima kabla ya harusi ya Juni.

"Kwetu kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe," Onesphore alisema. "La ukoo sina. Ya watu ninayo."

Nikaandika ya wazazi wake, kisha la mkewe marehemu, Libérate. Nilipouliza la mama yake Libérate, alijibu, "Maria." Halafu akaifunika karatasi kwa kiganja. "Hapana. Lifute."

Kwamba mkwe hatamki jina la mama mkwe wake, hilo nililijua. Nisiyoyajua ni yaliyotokea mwaka 1993, walipokimbia vita kwao na kuingia kambini Tanzania. Karani aliandikisha kaya moja moja, na msemaji alikuwa baba wa kaya. Libérate alikuwa amelala na homa. Mama mkwe alisimama hatua mbili tu kutoka kwa Onesphore, na mkwe akashindwa kulitaja jina la mama huyo mbele yake. Akatoa la kwanza lililomjia. Mama huyo hakujua Kiswahili, wala hakutambua kwamba ndiye aliyetajwa. Aliinamisha kichwa kwa adabu.

"Wiki ya pili zahanati iliita wagonjwa," aliniambia, macho yake mezani. "Waliita Maria mara tatu. Mama mkwe alikuwa amekaa palepale, naye mgonjwa. Akarudi bila dawa, akasema zamu yake haijafika. Ijumaa akafariki. Hata msalabani waliandika Maria."

"Libérate alijua?"

"Nilimwambia kwamba karani ndiye aliyekosea."

Aliniomba niwepo atakapomweleza binti yake. Belyse alikuja Jumapili kutoka Sundbyberg anakoishi, akasikiliza bila kuvua koti. Kwa kawaida humjibu baba yake kwa Kiswidi; siku hiyo alitumia Kiswahili, akitafuta kila neno.

"Bibi alinibeba mgongoni njia nzima, baba."

"Ndiyo."

"Na mama alimlaumu karani mpaka anakufa."

"Ndiyo. Kila mwaka, siku ya kumbukumbu. Nami nilikuwa nikiitikia." Alivuta pumzi. "Nilifikiri tumwandikie Huguette kwamba jina limesahaulika."

"Limesahaulika na nani?"

Onesphore alianza kuikunja barua ya Bibi Huguette.

"Basi litaje."

"Siwezi, mwanangu."

"Hata leo? Amekufa miaka kumi na tisa."

"Kwangu bado ni mama mkwe."

Nilimsogezea kalamu. Aliandika taratibu, akaisukuma karatasi upande wa binti yake bila kumtazama.

"Barankariza," Belyse alisoma.

Onesphore aliinuka, akatupa mgongo, akasimama akielekea dirishani.

"Nimelisoma sawasawa?"

Alitikisa kichwa kukubali, lakini hakugeuka. Mabega yake yalikuwa yameshuka kama ya mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Belyse alimtazama kitambo. Hakumwendea. Alivuta kiti karibu nami, akanitajia jina la bibi yake herufi moja moja, nami nikaliandika katika barua ya majibu kwenda Québec.