Kabureta ya Mama Régine

Mume wangu Michée alikuwa fundi wa pikipiki mtaa wa Bigo, mjini Bunia, Kongo, na kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kabureta. Mafundi wengine walipiga nyundo. Yeye alisikiliza. Aliwasha mashine, akainamisha kichwa, akageuza skrubu ya hewa taratibu, robo mzunguko mbele, robo nyuma, mpaka mngurumo ukatulia, ndipo akatabasamu peke yake. Mimi mkewe wa miaka tisa sikuwahi kusikilizwa hivyo. Hata kumwambia chumvi imekwisha, nilirudia mara tatu.

Basi fikirini roho ilivyoniuma Régine alipoanza kuja.

Régine alikuwa mjane wa mtaa wa Ngezi, muuza samaki, mwanamke pekee niliyemjua aliyeendesha pikipiki yake mwenyewe. Alipita amekaa wima, kitenge amekifunga juu ya suruali, na wanaume wote wa njia wakageuza shingo. Tangu Januari ya mwaka ule wa 2003 alifika kila Jumamosi kwa ugonjwa ule ule: kabureta. Sawa, petroli ya vita ilikuwa chafu, iliuzwa kwa chupa imechanganywa na maji na mafuta ya taa, na kila pikipiki mjini ilikohoa. Lakini mimi si mjinga. Kabureta gani inaugua kila Jumamosi?

Michée aliifungua mbele yangu, tena mimi ndiye niliyemshikia kikombe cha chini, kile inamokaa petroli, asipoteze skrubu zake. Alitoa gicleur, kipande cha shaba chenye tundu dogo kuliko la sindano, akakizibua kwa unyasi wa ufagio wangu, maana waya hupanua tundu. Kisha akakitia midomoni na kupuliza. Za watu wengine alipuliza kwa pampu. Ya Régine, kwa midomo. Niliona, nikameza mate machungu.

Halafu kunong'ona. Nikitoka jikoni wananyamaza. Mara kadhaa nilimkuta Régine akiwatazama wanangu, Davy na Elisabeth, kama anayewapima, na siku moja alimnyanyua Elisabeth kabisa, akamwambia Michée kwamba mtoto ni mwepesi, wakacheka. Nikajisemea, huyu hataki mume tu, anataka nyumba nzima. Jirani yangu Félicité naye hakuniacha nipumue. "Mama Davy, weye unalala tu," aliniambia. "Bwana yako iko anaenda." Lisemwalo lipo, nikaamini.

Mwanzoni mwa Mei askari wa Uganda walianza kuondoka mjini, na kila mtu alijua kwamba wakimaliza kuondoka, bunduki za wanamgambo zitaanza. Jumatatu moja Régine aliacha pikipiki kwetu, ati huko Ngezi watu watamnyang'anya. Michée akaijaribu, akavuta mafuta hadi mwisho, akaridhika. Kisha akamsindikiza. Kumsindikiza mgeni ni adabu, nakubali, lakini adabu huishia barabarani. Wao walivuka barabara, wakapita kanisa, wakanipotea machoni.

Nilichukua bisibisi yake. Miaka tisa ya kushika kikombe inafundisha. Nilifungua skrubu, nikatoa gicleur kubwa, nikasugua tundu lake kwa sabuni ya kufulia mpaka likaziba, nikarudisha kila kitu mahali pake. Petroli haiyeyushi sabuni. Nilijua mashine itawaka na kunguruma vizuri ikiwa imesimama, maana mngurumo wa chini una tundu lake jingine. Ila Régine akivuta mafuta tu, imfie miguuni mbele ya wanaume wote wa soko. Nilinawa mikono nikiwa na furaha, nasema kweli.

Asubuhi ya pili yake, kabla maji ya chai hayajachemka, risasi zilianza. Régine akaingia uani mbio, miguu peku, ametoka Ngezi hivyo hivyo. Sikumkaribisha. Michée alikuwa ameshaitoa pikipiki nje. Akampakia Elisabeth juu ya tangi, akanigeukia.

"Mama Davy, panda nyuma. Davy ataikala katikati. Mama Régine atawapeleka Boga, kwa dada yake."

"Na weye?"

"Nafasi haiko. Nitaenda na majirani kwa miguu, ku aéroport, kwa watu ya ONU. Wako wananingojea pa njia."

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Ningekuambia, ungekatala kuniacha."

Alinijua. Ningekataa. Miezi minne alikuwa akiitunza ile mashine kwa ajili yangu na watoto wangu, na mimi miezi minne nilihesabu vicheko.

Régine akapiga kiki. Ikawaka mara moja. Akavuta mafuta, ikafa. Akapiga tena, ikafa tena. Michée akakagua bomba la petroli, akafungua plagi. Majirani wakaita kutoka njiani. Ningeweza kunyamaza Régine amwone ni fundi mbovu, na kwa pumzi moja nilifikiri hivyo hasa.

"Ni sabuni," nikasema. "Niliitia miye. Mu gicleur."

Hakuuliza sababu. Alinitazama, akamtazama Régine, akaelewa, akapiga magoti. Sabuni ilikuwa imekauka tunduni, ikabidi alioshe kwa maji, alizibue, apulize, akaushe, apulize tena. Félicité aliita mara ya mwisho: "Papa Davy, siye tunaenda." Wakaenda.

Tulipoondoka alikimbia kando yetu hatua chache, ameshika kiti. "Ku mulima usivute kwa nguvu," alimwambia Régine. "Ikikohoa, funga kidogo, ungojee." Mimi hakuniambia neno. Majirani wote walifika salama uwanja wa ndege, kwa askari wa Umoja wa Mataifa. Yeye, aliyewafuata nyuma peke yake, hakuonekana tena.

Sasa naishi Boga, uani kwa Régine. Watoto wakiuliza kwa nini baba yao alibaki nyuma, Régine huwahi kujibu kabla sijafungua mdomo. "Alikuwa anatengeneza pikipiki, juu ya ninyi mupone." Hadanganyi, ila hamalizi. Kisha huendelea kuwasimulia habari za baba yao, na mimi namwonea wivu hadi leo, kwa sababu anaweza kulitaja jina la Michée mbele ya wanangu bila kuinamisha macho.