Swali Lililojijibu

Kazini walimwita Vitufe, na jina hilo alilitafuta mwenyewe. Wenzake walipohitaji kisanduku cha swali, kile kinachojitokeza katikati ya skrini kikiuliza "Una hakika?", walichukua kilichokwisha kutengenezwa na wengine, wakaendelea na maisha yao. Yeye alisema vile vya bure vina sura mbaya. Vyake alivitengeneza tangu mwanzo, akavichonga kona, akavipaka rangi ya samawati, akapanga kwa mkono wake kitufe cha Ndiyo kikae wapi na cha Hapana kikae wapi. Waliomcheka aliwajibu kwamba kizuri chajiuza, na kweli kliniki ya macho ilikiona kisanduku chake, ikainunua programu yake yote ya kupanga foleni ya wagonjwa.

Asubuhi moja alikuwa akipiga miayo mbele ya kompyuta simu ilipolia. Aliyepiga alikuwa mpokezi wa kliniki hiyohiyo, mama mwenye maneno mengi, lakini leo hata salamu aliiruka.

"Dada, njoo. Watu wanapotea humu."

"Wanapotea vipi?"

"Nawaandikisha, wanakaa kwenye benchi, halafu daktari akifungua foleni yake hawamo. Siku zote tulidhani ni wazee, wamesahau kupita kwangu. Leo kuna mwalimu mmoja mstaafu, amenisimamia kidete mpaka nikamwandikisha mbele ya macho yake. Sasa hayumo! Na hataki kuondoka, amekalia kiti changu."

Vitufe alikuwa ameanza kucheka. Kicheko kilimkatika pale aliposikia "wazee wamesahau", kwa sababu maneno hayo aliyajua. Yalikuwa yakizunguka nyumbani kwao kwa majuma kadhaa.

Mama yake alitibiwa palepale, presha ya jicho. Mara mbili alirudi nyumbani bila kumwona daktari, na mara zote mbili alisema: nimeandikishwa, nimekaa mpaka benchi zima likabaki langu peke yangu, sikuitwa. Aliyemjibu ni Vitufe, tena mbele ya ndugu zake wote. "Mama, mashine haisahau," alimwambia, kwa sauti ya upole ile inayouma kuliko tusi.

Neno hilo kaka mkubwa alilidaka hewani. Kama mashine haisahau, basi anayesahau ni mama, na mtu anayesahau haachwi peke yake na jiko la gesi. Kikao kikakaa, mama hayupo, ikaamuliwa ahamie kwa kaka na nyumba yake ifungwe. Vitufe aliinua mkono kukubali kama wengine. Gari la kubeba vitu lilikuwa linakuja leo, mchana.

Kabla ya kuondoka alijaribu programu pale mezani kwake. Aliandika namba ya mgonjwa, akabonyeza kipanya kwenye Tafuta, jina likaingia kwenye foleni. Akarudia namba ileile. Kisanduku cha samawati kikajitokeza, kikauliza kwa adabu zote: "Mgonjwa huyu yumo tayari. Aondolewe?" Kikasubiri. Akabonyeza Hapana, jina likabaki. Akajaribu tena, na tena, kikasubiri kila mara.

"Mwanangu hana kosa," akasema, akafunga kompyuta. Nyani haoni kundule.

Kliniki aliwakuta kama alivyoelezwa. Mpokezi amesimama, mwalimu mstaafu ameketi mikono kifuani, na benchi zima la wagonjwa limegeuza shingo kutazama.

"Nimeita majina darasani maisha yangu yote," mwalimu alimwambia Vitufe. "Namjua aliyepo na asiyekuwepo. Mimi nipo!"

"Upo, mwalimu. Naomba kadi yako tu."

Kadi ilikuwa imechakaa, kingo zimetoka nyuzi kama kola ya shati la kazi. Mpokezi akachukua kile kimashine cha kusomea kadi, ambacho wote pale walikiita bastola, akailenga. Tii! Jina la mwalimu likaonekana kwenye foleni ya daktari, ambayo siku nyingine mpokezi haioni lakini leo Vitufe alikuwa ameifungua kwenye skrini yake, na benchi likashangilia. Mpokezi, bila hata kufikiri, akailenga tena. Tii! Skrini ikapepesa kidogo, na jina halikuwepo.

Mwalimu alitazama skrini kama mtu aliyesomewa tanzia yake.

"Mbona umepiga mara mbili?" Vitufe aliuliza.

"Si kadi yenyewe imechakaa? Mpya naipiga mara moja. Hizi za wazee huwa nazirudia kuhakikisha, nisije nikamkosesha mzee wa watu zamu yake."

"Sawa. Lakini ukirudia, kisanduku kinakuuliza kama aondolewe. Wewe huwa unajibu nini?"

"Kisanduku gani?"

"Cha samawati! Kinatokea hapo katikati."

"Dada, tangu mtuletee kitu hiki sijaona kisanduku humu. Huwa panapepesa hivyo ulivyoona. Nikajua ni umeme."

Vitufe alipigwa na butwaa. Kisanduku alichokichonga kona hakikuwa kimeonwa na mtu tangu kianze kazi hapo. Mwalimu, ambaye moyo wake haukuwa mbaya, akainuka akampisha kiti.

Aliketi, akafungua kompyuta yake, akachomeka bastola. Akaongeza mistari michache ili programu itaje kila tukio linapotokea, moja baada ya jingine, bila kuficha. Kisha akaipiga kadi ya mwalimu mara mbili na kusoma kilichoandikwa.

Bastola ile, ikishasoma namba, humalizia kwa kubonyeza enta yenyewe, upesi kuliko kidole chochote. Na enta moja si tukio moja. Kuna kitufe kubonyezwa, halafu kuna kitufe kuachiwa. Kilipobonyezwa, programu ilitafuta namba, ikaona mgonjwa yumo, ikafungua kisanduku. Kilipoachiwa, kisanduku kilikuwa kimeshafunguka na sikio lake liko wazi, maana Vitufe alikifundisha kusikiliza kitufe kikiachiwa, na jibu alilolitanguliza lipokee enta ni Ndiyo. Kikasikia mwachio usiokuwa wake, kikaupokea kama jibu. Aondolewe? Ndiyo. Swali liliulizwa na kujibiwa kabla ya jicho la binadamu kuliona.

Yeye pale mezani kwake alitumia kipanya siku zote. Enta hakuwahi kuigusa, hata kwa bahati mbaya.

"Umeona nini?" mpokezi aliuliza. "Mbona umebadilika uso?"

"Kilikuwa kinajijibu," Vitufe alisema. "Dada yangu, kilikuwa kinajijibu chenyewe."

Dawa yenyewe ilikuwa mstari mmoja: kisanduku kisipokee mwachio wa kitufe ambacho hakikukiona kikibonyezwa. Akaongeza wa pili, kitufe cha Hapana kiwe cha kwanza. Mpokezi akapiga kadi mara mbili, na kisanduku kikajitokeza, kikasimama palepale kikingoja.

"Kumbe ni kizuri hivi!" mpokezi alisema. Vitufe hakufurahi hata chembe. Alikuwa anaikodolea macho kadi ya mwalimu, zile kingo zilizotoka nyuzi. Kadi ya mama yake ilikuwa mbaya zaidi ya hiyo. Mama aliikunja ndani ya kitambaa, akaiweka kwenye mkoba pamoja na funguo, ikasuguana nazo miaka na miaka.

Wapya hawakuguswa. Walioondolewa ni wazee peke yao, kwa sababu walihurumiwa, na kisha wazee haohao wakaambiwa wamesahau. Aliyewaambia alikuwa na mashine kama ushahidi, na mashine aliitengeneza yeye. Mchimba kisima huingia mwenyewe, wasemao husema, lakini huyu alikuwa amemtumbukiza mama yake.

Alitoka nje akampigia kaka.

"Kaka, usipakie kitu. Mama hakusahau."

"Tumeshapakia kabati. Wewe tena! Si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana sisi. Mama je?"

"Mama ametulia tu hapa. Amekubali."

"Nani alimuuliza?"

Hakungoja jibu, akakata simu akakimbilia nyumbani kwa mama.

Alimkuta mama nje, kwenye kiti cha jikoni kilichowekwa uani, mkoba mapajani. Kabati lake lilikuwa juu ya gari, milango imefungwa kwa kamba. Funguo za nyumba zilikuwa mkononi mwa kaka. Vitufe alichuchumaa mbele ya mama, akaeleza yote kwa lugha nyepesi: bastola, kadi iliyochakaa, kisanduku kilichojijibu. Alipofika kwenye "kisanduku nilikitengeneza mimi", aliirudia sentensi yote ili isipotee. Kaka alisikiliza akiwa amesimama, funguo zikimning'inia.

"Kwa hiyo niliandikishwa," mama alisema.

"Uliandikishwa, mama. Mara zote mbili."

Walitarajia atawagombeza, maana mama huyu kugomba hakufundishwa na mtu. Badala yake alifungua mkoba, akatoa kile kitambaa. Kilikuwa kimefungwa vifundo kila pembe.

"Hiki ni cha dawa ya asubuhi. Hiki cha jioni, hiki cha kuzima jiko," alisema. "Na kila nikilala nilikuwa nayataja majina yenu kimoyomoyo, wote, mkubwa mpaka mdogo. Niliogopa nitaamka siku moja nisimjue mtu."

Vitufe aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Kaka aligeuka akalitazama kabati, akajifanya anakaza kamba ambayo haikulegea. Mama hakuwa amesahau hata jambo moja. Wao ndio waliomfundisha kuogopa kwamba anasahau, naye, kwa kuwaamini wanawe kuliko akili yake mwenyewe, akajifunza.

"Mama," Vitufe alisema, "unataka kuhama?"

Kaka akafungua mdomo. Vitufe akainua mkono bila kumtazama, kaka akaufunga mdomo.

Wakangoja. Mama aliitazama nyumba yake, mlango ulioachwa wazi, ukuta wenye alama ya mraba pale kabati liliposimama. Dereva alipiga honi kuulizia. Mama alianza kufungua kifundo kimoja cha kitambaa, kikamsumbua, akakifungua, akaenda cha pili. Mtoto yeyote wa watu angekwisha kumjibia. Vitufe alibaki amechuchumaa, magoti yakimuuma, akiangalia vidole vile.

"Hapana," mama alisema.

Kisha akamnyooshea kaka kiganja ili arudishiwe funguo zake. "Na kabati lirudi lilipokuwa. Msilikwaruze."

Vitufe akainuka, akaenda kushika upande mmoja.